Daftari la Mzinga Mpya

Daftari lile bado ninalo. Jalada lake ni la kijani, pembe zimeliwa na mende, na kwenye ukurasa wa kwanza mdogo wangu Theopista aliandika kwa mwandiko wake wa shule ya masista: "Kampuni ya Mzinga Mpya, Majengo, Mpanda. Idara ya Utafiti." Idara nzima ilikuwa yeye. Mali ya idara ilikuwa kigoda kimoja, kalamu moja ya bluu, na cherehani iliyokuwa ikiwalisha wafanyakazi wote wa kampuni, yaani sisi watatu.

Mimi naitwa Telesfori, fundi seremala. Sisi ni Wapimbwe, nyumbani ni Usevya, kwenye mpunga na kanisa. Mama alipofariki tulihamia mjini, mimi nikafungua karakana Majengo na Theopista akaweka cherehani yake barazani. Watu husema mimi ni mkali. Si kweli, huwa nawakasirikia wajinga tu, na katika miaka ninayotaka kuisimulia mjinga mmojawapo alikuwa mimi mwenyewe. Kwa hiyo nikipandisha sauti mnivumilie.

Mtu akipita leo barazani kwetu atamwona Theopista ameinamia sare za shule, pini mdomoni, nywele zimeanza mvi, na atadhani huyu ni mama ambaye hakuna kilichowahi kumtokea. Hasira yangu ya kwanza ni hiyo. Kilimtokea. Kilimtokea kati ya mwaka tisini na tatu na tisini na nane, na mimi nilikuwa pale pale nikipiga randa, nisione kitu.

Kilikuja na Manyanda. Huyu alikuwa mtoto wa mzee Masele, Msukuma aliyeingia Kakese na ng'ombe zake kutoka upande wa Shinyanga. Manyanda alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye maneno mengi, na hakupenda ng'ombe. Kwa wenzake hilo lilikuwa jambo la aibu kabisa, kama padri asiyependa misa. Yeye alipenda biashara. Alizunguka na baiskeli akinunua tumbaku kwa wakulima na asali kwa warina asali wa porini. Shule aliiacha darasa la tatu akachunge, kwa hiyo herufi alizijua moja moja, ila zikishikana zilimshinda.

Siku moja aliingia karakana amebeba mzinga wa gome la mti, mkavu, umepasuka.

"Fundi, angalia hii," alisema. "Mti umevuliwa nguo, umekufa. Mzinga wenyewe baada ya miaka miwili nao umekufa. Na asali inatoka na takataka mpaka ukiinywa unatafuna. Wewe unatengeneza makabati. Huwezi kutengeneza kabati la nyuki?"

"Nyuki wamekuomba kabati?"

"Ndiyo tutafute kama wanalitaka. Redioni wanasema utafiti. Wanasema siku hizi kila mtu anaweza kufungua kampuni."

Ni kweli, miaka ile kampuni zilikuwa zinaota kama uyoga. Mashirika ya zamani yalikuwa yanafungwa, na waliopunguzwa kazi walirudi nyumbani na mihuri. Sisi hatukuwa na muhuri, lakini tulikuwa na kibao. Nilikichonga mwenyewe. Manyanda alikuwa mkurugenzi, mimi fundi mkuu, na Theopista, ambaye alikuwa amefika kidato cha pili, akapewa daftari.

Sanduku mbili za kwanza nilizitengeneza kwa mbao za mninga zilizokuwa zimelala darini kwangu miezi mitano. Sikuziweka dari kwa akili yoyote. Zilikuwa za benchi la kwaya, kwaya ikagombana ikavunjika, mbao zikabaki. Nilizitoa, nikazikata, nikaweka mfuniko na fito za juu za nyuki kujengea, Manyanda akapaka nta kidogo mlangoni kuwavutia, tukapanda baiskeli kwenda Kabungu. Barabara ilipoishia tuliingia pori kwa miguu, mbung'o wakitutoboa mpaka kwenye soksi, tukazitundika kwenye miyombo miwili.

Theopista alikuja nasi mara zote. Alisema idara ya utafiti haiwezi kubaki barazani.

Mwezi wa pili baada ya kutundika, alitutangulia kufika. Tulimkuta amesimama chini ya mti, kichwa amekiinua, kiganja amekiweka nyuma ya sikio.

"Kaka," aliniambia polepole, "wanaongea."

Nyuki walikuwa wanaingia na kutoka kama watu wa soko. Manyanda alicheza pale pale kwenye majani, akainuka na kuinama kama anapalilia, akimalizia na kelele ya kwao ambayo iliwafanya nyuki watoke kumtazama, tukakimbia wote watatu. Tuliposimama, tunahema, Theopista ana uvimbe juu ya jicho, aliketi kwenye kichuguu akaandika. Ninayo hapa: "Mzinga namba 1. Nyuki wameingia. Mbao kavu. Mlango kusini." Wiki tatu baadaye aliandika hivyo hivyo kwa mzinga namba 2.

"Mbili kwa mbili," Manyanda alisema. "Umeandika, mwandishi wangu?"

Lile neno "wangu" nililisikia. Nilitoa kikopo changu cha ugoro, nikanusa, nikatazama kando.

Tangu hapo alikuwa anakuja kila asubuhi. "Mwangaluka," anasalimu, na Theopista, Mpimbwe halisi, akawa anaitikia Kisukuma bila kukosea. Alimwandikia barua zake zote. Barua kwa mjomba wake wa Kahama mwenye duka, barua kwa wanunuzi wa asali Tabora, barua ya kuomba kibali cha msitu. Barua ya mistari sita iliweza kuchukua alasiri nzima. Manyanda anasema sentensi, Theopista anairudia, anasema hapana si hivyo, anasema nyingine, wanacheka. Mimi nilikuwa napiga msumeno ndani na kujiambia kwamba kuandika ni kazi ngumu kumbe.

Mwanzo wa mwaka tisini na tano alinijia akiwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Shemeji," alianza.

"Shemeji wa nani?"

"Subiri nimalize. Nimezungumza na mzee. Anasema ng'ombe zake ni za anayezichunga. Mimi sizichungi, kwa hiyo za mahari hanipi hata mkia. Lakini amesema kitu kimoja. Amesema, nikimwonesha mizinga yangu inanifugia nyuki kama yeye anavyofuga, atajua nami nina zizi, atatoa."

"Mizinga mingapi?"

"Amesema arobaini. Kwa hesabu yake, mzinga mmoja ni sawa na ng'ombe mmoja."

Hivyo ndivyo kazi yetu ya kutafiti ilivyogeuka ikawa ya kuposa. Theopista alirudi kwenye cherehani. Usiku sijui alilala vipi, lakini mchana ule alishona mkono wa kushoto wa gauni la mtu mahali pa mkono wa kulia, na ndiyo mara pekee nimemwona akikosea.

Mbao za arobaini hazikuwapo. Nilizipata Julai, mbichi, zimetoka kupasuliwa, ukikandamiza kidole maji yanatoka. Nikasema hizi ziende dari, tutakutana Desemba. Manyanda akakaa chini.

"Desemba hapana. Miyombo ikishachanua makundi yanahama, yanatafuta nyumba, na sisi tuwe tumeshatundika. Na mjomba wa Kahama ameandika. Anataka mtu wa kukaa dukani. Nimemwambia anisubiri msimu huu mmoja tu. Mizinga isipojaa, nakwenda."

Nilimtazama Theopista. Alikuwa amesimama mlangoni na daftari kifuani. Alitazama zile mbao zilizokuwa zinalia maji kwenye sakafu yangu, kisha akasema, haraka haraka, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni:

"Mjomba Optatus ana bani. Tumbaku imekwisha, bani ni tupu. Tukiwasha moto, siku kumi zimekauka."

Mjomba Optatus, ndugu ya mama, alilima tumbaku njia ya Kakese, na bani lake, kile kijumba kirefu cha udongo cha kukaushia majani kwa moto, lilikuwa limefanya kazi miaka ishirini. Manyanda aliruka juu. Alimshika Theopista mabega, mbele yangu, akasema, "Huyu ndiye kampuni! Sisi wengine ni wafanyakazi tu!" Na mimi fundi mkuu nikaona ni wazo la maana. Kwa nini nisione? Mbao ni mbao, kukauka ni kukauka.

Siku kumi baadaye zilitoka zimekauka kama mifupa, rangi nzuri ya chai. Theopista aliandika: "Mizinga arobaini. Mbao kavu." Neno lile lile aliloliandika mwaka uliotangulia. Hakuandika zimekaushwa wapi, na mimi sikumwambia aandike. Hapo ndipo utafiti wetu wote ulipokufa, kwenye maneno mawili, na tukaendelea kuuhudumia kana kwamba ni mzima.

Tulitundika yote arobaini kabla ya Septemba kwisha. Kisha tukasubiri.

Kurasa zinazofuata sipendi kuzifungua. "Oktoba 14. Hakuna. Mjusi mmoja." "Oktoba 29. Hakuna." "Novemba 12. Namba 17, nyuki wamezunguka mlango, wameondoka." Mwandiko ni ule ule, umenyooka, lakini ukiugusa kwa kidole unasikia jinsi kalamu ilivyokandamizwa.

Mtu mwenye akili angekaa akauliza, kati ya sanduku mbili za kwanza na hizi arobaini kitu gani kimebadilika? Sisi tulibadilisha kila kitu kwa pamoja. Manyanda alisema milango imetazama vibaya, tukaigeuza. Akasema ziko chini sana, tukazipandisha, nikateguka mguu. Akasema nta haitoshi, tukapaka mpaka zikang'aa. Akasema tuzipake rangi ya kijani zifanane na majani, tukapaka. Mimi nilisema tumerogwa na warina asali wa zamani, na nilisema kwa sauti kubwa kwenye baa, jambo ambalo nalijutia mpaka leo. Theopista aliandika yote. Kila mara tuliporudi, Manyanda alizidi kunyamaza, na ukimjua Manyanda utaelewa kwamba hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Mzee Masele alikuja mara moja na fimbo yake kuona zizi la mwanawe. Alipita chini ya mizinga kumi na miwili, anatega sikio kwa heshima kwenye kila mmoja, kwa sababu ni mzee mwenye adabu. Mwishoni alimwambia mwanawe, "Wazuri sana. Wakianza kulia utaniita." Akarudi Kakese.

Machi mwaka tisini na sita Manyanda alikuja na begi. Ilikuwa siku ya treni. Alisimama karakana, akaziangalia randa zangu moja moja kama anaziaga, kisha akatoka barazani. Nilisikia yote kwa sababu ukuta wangu ni wa mbao.

"Mwandishi," alisema, "zikijaa niandikie. Hata zikijaa tano. Nitarudi, nimekuambia."

"Nani atakusomea?"

"Nitatafuta mtu wa dukani anisomee."

"Basi sitaandika mambo mengi."

"Andika tu 'imejaa'. Hilo neno naweza kulisoma mwenyewe. Ulinifundisha."

Alimfundisha lini mimi sijui. Nilisikia begi likiinuliwa, kisha nikasikia cherehani imeanza kukimbia. Ilikimbia mpaka treni ilipopiga honi na kuendelea. Baadaye nilipotoka nilimkuta anashona kitambaa kitupu, hakina nguo, mshono juu ya mshono, mpaka kimekuwa kigumu kama gamba.

Aliendelea kwenda Kabungu peke yake, kila baada ya wiki mbili, na baiskeli yangu. "Hakuna." "Hakuna." Nilimwambia, Theopista, acha. Aliniambia kampuni haijafungwa. Nikamwambia kampuni ni wewe na mimi na kibao. Akasema, "Na yeye." Nilimkemea siku ile, nikamwambia maneno ya kaka mkubwa, na maneno yale nayo nayajutia.

Mwishowe tulizishusha. Sanduku nzuri za mninga haziozi bure, nikabandua rangi, nikatia bawaba, nikaziuza kama masanduku ya nguo na unga. Watu walizipenda. Mmoja aliyenunua alikuwa mama Médiatrice, Mrundi wa makazi ya Katumba, mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake. Wiki haikuisha akarudi na sanduku kichwani. Alilitua mbele yangu likatoa vumbi la unga.

"Fundi, chukua sanduku yako. Unga yangu yote imekuwa tumbaku. Watoto wamekataa ugali. Mimi mwenyewe nimekula, nikaona kizunguzungu."

"Tumbaku? Mama, hiyo ni mninga safi."

"Nusa."

Nikaingiza kichwa. Nikanusa. Sikusikia kitu.

"Nusa vizuri!"

"Nimenusa, mama. Hakuna harufu."

Alinitazama puani, kisha akatazama kikopo kilichokuwa kwenye mfuko wa shati langu, akaanza kucheka. "Wewe na ugoro yako! Utasikia nini wewe? Pua hiyo imekufa zamani." Akamgeukia Theopista. "Dada, njoo wewe unuse."

Theopista aliinuka kwenye cherehani. Aliinama kwenye sanduku, akakaa humo muda. Alilelewa likizo zote kwa mjomba Optatus akishona majani ya tumbaku kwenye fito. Manyanda alibeba tumbaku kwenye baiskeli miaka saba. Mimi na ugoro wangu. Katika Mpanda nzima usingepata watu watatu waliozoea harufu ile kuliko sisi, na ndio tuliokaa tukaunda kampuni ya kuwashawishi nyuki.

Aliinua kichwa, akafuta unga puani.

"Sisikii," alisema. "Lakini ni kweli. Ni bani."

Mama Médiatrice alirudishiwa chake, akaenda zake akiwa ameridhika, hajui kwamba ndiye mtafiti pekee ambaye kampuni yetu iliwahi kumpata. Theopista aliketi kwenye kile kigoda.

"Kaka, ni mimi niliyesema bani."

"Wote tulikubali."

"Ni mimi niliyesema. Aliposema anakwenda, nilitaka zikauke upesi asiende." Alisema hivyo akitazama mikono yake. "Niliziharakisha mbao, nikamfukuza yeye."

Nikatoa kikopo cha ugoro mfukoni, nikakitupa barabarani. Lilikuwa jambo dogo, na nililifanya kwa kuchelewa, lakini sikuwa na lingine la kufanya.

Nilidhani sasa atalia wiki moja yaishe. Alifungua ukurasa mpya. Aliniambia nitengeneze sanduku nne, mbili za mbao za dari, zilale miezi mitano kamili, na mbili za mbao za bani, kwa moto ule ule wa mjomba. Zote kipimo kimoja, zitundikwe kwenye miti ya aina moja, kimo kimoja, milango kusini, nta kijiko kimoja kimoja. Nikamwambia, lakini tayari tunajua. Akasema, "Hatujui. Mama Médiatrice alisema unga. Nyuki hawajasema."

Mwaka tisini na saba, miyombo ilipoanza kutoa majani mekundu, tulizitundika. Kila tulipokwenda nilimwona anapiga ishara ya msalaba kabla ya kutega sikio, na nilidhani anaziombea zile mbili za dari zijae. Nilikaa na wazo hilo siku nyingi. Kumbe alikuwa anaziombea zile za bani. Kama nyuki wangeingia na kwenye bani, basi kosa lilikuwa jingine, rangi, mlango, uchawi, chochote, na siyo yeye.

Katikati ya Oktoba zile za dari zililia. Zote mbili, wiki moja. Za bani zilikaa kimya, buibui wakajenga. Theopista alisimama chini ya mzinga wa tatu muda mrefu sana, kiganja nyuma ya sikio. Kisha akauendea wa nne. Kisha akaketi kwenye kichuguu akaandika, na safari hii aliandika ukurasa mzima: mbao zimetoka wapi, zimelala wapi, siku ngapi, nani alizigeuza. Uko hapa. Ni kazi safi. Fundi yeyote akiusoma atatengeneza mzinga, nyuki watauingia.

Siku ile ile aliandika barua Kahama. Aliniachia niisome nikaitie posta. Ilikuwa neno moja, kwa herufi kubwa zilizoachana ili mtu asipate taabu: "IMEJAA."

Kisha zikaja mvua zile za elinino. Mnazikumbuka. Reli ikakatika, barabara zikawa mito, posta ikawa inapokea barua na kuzilaza. Theopista alikwenda kuuliza kila Jumatatu. Alijishonea gauni. Sikuuliza la nini, nilikuwa nimeshajifunza kidogo. Lilikuwa la rangi ya asali, lina mfuko wa daftari.

Jibu lilifika Mei mwaka tisini na nane. Bahasha nene, safi, anwani imeandikwa vizuri mno. Theopista aliuangalia ule mwandiko wa nje kabla ya kufungua, na nadhani alijua tayari, maana aliketi kwanza. Alisoma, akanipa, akarudi kwenye cherehani bila kuikanyaga.

"Kwa Kampuni ya Mzinga Mpya," ilianza. "Nimefurahi kupita kiasi. Neno lenu nililisoma mwenyewe mbele ya watu dukani. Hapa Kahama kuna wafugaji nyuki wengi, nataka mizinga arobaini kama hiyo iliyojaa, niwauzie. Mzee amefurahi pia, anasema sasa ameamini. Niambieni, kosa lilikuwa nini? Nimewaza sana mpaka leo sijui." Na chini kabisa: "Barua hii imeandikwa na mke wangu Kabula, tumeoana mwaka jana mwezi wa sita. Ndiye mwandishi wangu na ndiye ananisomea barua zote. Anawasalimu nyie wote."

Mwezi wa sita. Hesabu ni rahisi, sitaki kuifanya tena. Miezi minne kabla ya neno lile kuandikwa.

Nilitaka kumtukana. Nilitafuta tusi la kumtosha Manyanda, sikulipata, kwa sababu hakuwa amefanya kosa lolote. Alisema atasubiri msimu mmoja, akasubiri. Alisema mizinga isipojaa atakwenda, akaenda. Nilibaki na hasira isiyo na mwenyewe, nikapiga randa ubao mmoja mpaka ukaisha.

Theopista alijibu siku ya tatu. Aliketi kwenye kigoda, daftari pajani, akanakili ukurasa wote wa mbao za dari, maelezo ya kutundika, mlango, nta. Arobaini zitakuwa tayari mwakani, aliandika, kwa sababu haziharakishwi. Kisha akafika kwenye lile swali. Nilikuwa nyuma yake. Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka wino ukatoa nukta, akaandika:

"Kosa lilikuwa kukausha mbao kwenye bani la tumbaku. Wazo hilo lilikuwa langu. Nilitaka zikauke upesi."

Akasimama hapo. Nilingoja aandike kwa nini. Mkono wake ulikwenda mpaka mwanzo wa mstari unaofuata, ukakaa. Aliitazama ile barua ya Kabula iliyokuwa mezani, ule mwandiko mzuri wa mtu ambaye angemsomea mumewe kila neno kwa sauti, dukani, mchana, mbele ya wateja. Akaandika, "Salamu kwenu nyote." Akakunja.

"Kaka," alisema, "zile mbao zilizokuja jana zipandishe dari."

Nilizipandisha. Mwaka uliofuata tulipeleka arobaini kwa treni, na kabla ya kupakiwa alizipitia moja moja, akiingiza uso ndani ya kila sanduku na kuvuta pumzi, ingawa alijua pua yake haiwezi kumwambia kitu. Mizinga yote ilijaa huko, tuliandikiwa. Siku hizi watu wanatoka hata Tabora kuja kuuliza siri ya kampuni, na ninawaonesha daftari, yote yamo. Ile sababu ya haraka yake peke yake ndiyo haimo. Nimelipekua ukurasa kwa ukurasa, hata nyuma ya jalada, nikidhani labda siku moja aliiandika mahali.